Kivinjari kipya kwenye kompyuta yako: kuhama au kubaki, hatua kwa hatua

Umewasha kompyuta mpya, au ya zamani imemaliza sasisho kubwa, na sasa kuna kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) ambacho hukukiweka wewe. Kimejipanga chini ya skrini, viungo vya barua pepe vinafungukia humo, na kila baada ya muda kinakuuliza kama ungependa kukifanya chaguomsingi. Wengi hubofya "Ndiyo" ili usumbufu uishe. Wiki mbili baadaye wanalalamika: manenosiri hayaonekani, alamisho (viungo walivyohifadhi) nusu ziko huku na nusu kule, na kuna akaunti moja wamefungiwa nje kabisa.

Nimeshasaidia watu wengi kutoka kwenye shimo hili, na kosa huwa lilelile: wamechanganya mambo mawili. Chaguomsingi ni agizo fupi kwa mfumo endeshi (Windows, macOS au Linux), kwamba kiungo kikibofywa nje ya kivinjari, kifunguliwe na programu fulani. Basi. Agizo hilo halihamishi alamisho hata moja. Kuhama ni kazi nyingine, na ina mpangilio wake: unajaribu, unaamua, unahamisha vitu, unabadilisha chaguomsingi, halafu baadaye sana ndipo unaondoa kivinjari cha zamani. Watu huanza na hatua ya nne, wakaruka hadi ya tano, kisha wakarudi kutafuta ya tatu wakati imeshachelewa.

## Andaa hivi kwanza

- Siku saba za majaribio, na siku ya kuhamisha, kama saa moja na nusu ya utulivu.
- Simu yako, ikiwa na chaji. Kivinjari kipya ni mgeni machoni pa kila tovuti. Barua pepe, benki na mitandao ya kijamii vitataka kuhakikisha ni wewe kwa kutuma namba za uthibitisho. Kama namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti zako ni ya zamani, ibadilishe leo, ukiwa bado umeingia kupitia kivinjari cha zamani.
- Nenosiri la kuingilia kompyuta yenyewe. Kama siku zote unaingia kwa alama ya kidole au namba fupi, hakikisha hujalisahau. Unaweza kuulizwa wakati wa kutoa manenosiri.
- Karatasi na kalamu. Andika tovuti kumi ambazo huwezi kuishi bila hizo: barua pepe, benki, mfumo wa kazini au shuleni, unapolipia huduma, unapofanyia mikutano ya video. Usiandike manenosiri, ni majina ya tovuti tu.
- Flashi au mahali pengine pa kuweka nakala ya alamisho. Manenosiri hayatakwenda huko. Sababu utaiona hatua ya 6.
- Ruhusa, kama kompyuta si yako. Kwenye mipangilio ya kivinjari ukiona ujumbe kwamba kinasimamiwa na shirika lako, zungumza kwanza na watu wa kompyuta wa ofisini.

## Hatua ya 1: Uliza kama kivinjari cha zamani bado kiko hai

Fungua kivinjari unachotumia sasa, nenda kwenye menyu, tafuta sehemu ya Usaidizi, kisha Kuhusu. Utaona namba ya toleo, na mara nyingi kivinjari kitaanza chenyewe kutafuta sasisho.

Hili ndilo swali la kwanza kwa sababu linaweza kumaliza mjadala papo hapo. Kivinjari kisichopata masasisho ya usalama ni nyumba yenye kitasa kibovu. Internet Explorer 11, kwa mfano, ilifikia mwisho wake kwa watumiaji wengi wa Windows 10 tarehe 15 Juni 2022. Chrome nayo iliacha Windows 7 na 8.1 kwenye toleo la 109, na matoleo yaliyofuata kuanzia Februari 2023 yanadai Windows 10 au zaidi. Mtu aliyekwama kwenye toleo kama hilo ana tatizo kubwa kuliko kuchagua kivinjari: mfumo endeshi wenyewe umezeeka.

Mafanikio yanaonekanaje: kivinjari kinasema kimesasishwa, na tarehe ya sasisho si ya mwaka juzi. Kama ni hivyo, huna dharura. Hakuna anayekulazimisha kuhama, hata yule mgeni anayejipigia debe kila asubuhi.

Tahadhari: ukiwa unatumia mfumo wa kazini uliojengwa zamani ambao hufunguka kwenye Internet Explorer pekee, usitafute njia ya kuifufua. Microsoft Edge ina hali maalumu ya kufungua kurasa za aina hiyo. Mwombe msimamizi wa mfumo akuwashie.

## Hatua ya 2: Angalia injini iliyo chini ya boneti

Vivinjari vina majina mengi, ila injini zinazochora kurasa ni chache. Chrome, Edge (tangu toleo lake jipya la Januari 2020), Opera, Brave na Vivaldi zote zimejengwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium. Firefox ina injini yake, Gecko. Safari inatumia WebKit.

Kwa nini ujali? Kwa sababu jibu linakupunguzia kazi. Ukihama kutoka Chrome kwenda Edge, kurasa zako karibu zote zitaonekana vilevile, na hata viendelezi (programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo) vya duka la Chrome vinaweza kusakinishwa kwenye Edge. Hapo unachochagua hasa ni akaunti ya kusawazishia (kuweka data zilezile kwenye vifaa vyako vyote), mipangilio ya faragha, na wingi wa matangazo ya mwenye kivinjari utakayoyavumilia. Usipoteze siku nzima kulinganisha kasi ya watoto wa mama mmoja.

Ukihama kutoka Chromium kwenda Firefox au Safari, au kinyume chake, majaribio ya hatua ya 3 yanakuwa na uzito. Kuna tovuti zilizotengenezwa na watu waliojaribu kivinjari kimoja tu wakaridhika.

Jambo moja zaidi kwa wanaotegemea viendelezi vya kuzuia matangazo: Chrome imeacha kukubali viendelezi vya mfumo wa zamani uitwao Manifest V2, ukiwemo uBlock Origin wa asili. Firefox bado inavikubali. Kwa baadhi ya watu hoja hii pekee inatosha kuamua, na siwalaumu.

## Hatua ya 3: Jaribu siku saba, bila kukifanya chaguomsingi

Fungua kivinjari kipya kwa kubofya alama yake. Kikikuuliza kama unataka kukifanya chaguomsingi, jibu hapana. Kikitaka uingie kwa akaunti, ruka. Kikitaka kuleta data kutoka kivinjari kingine, ruka pia. Kwa sasa unataka kukiona kikiwa kitupu.

Chukua ile karatasi yenye tovuti kumi. Kila siku tembelea mbili au tatu na ufanye kazi halisi, si kuangalia ukurasa wa mbele tu. Mambo yanayovunjika mara nyingi ni haya:

Kuchapisha na kupakua. Pakua risiti au taarifa ya benki, ifungue, ichapishe au angalia mwoneko wake kabla ya kuchapisha. Kingo hukatika, jedwali hugawanyika vibaya. Angalia pia faili imekwenda folda gani.

Kamera na maikrofoni. Kila kivinjari huomba ruhusa zake upya. Kwenye Mac, mfumo wenyewe nao huomba ruhusa juu ya ile ya kivinjari, na hasa kwa kushiriki skrini huenda ukatakiwa kufunga kivinjari na kukifungua tena. Ni afadhali ujue hilo siku ya majaribio kuliko ukiwa umesubiriwa na watu kumi na wawili kwenye kikao.

Fomu ndefu. Jaza moja yenye kupandisha faili na kuchagua tarehe. Fomu ndizo zinazofichua tofauti za injini.

Uzito kwenye kompyuta. Hapa wengi hujidanganya. Kivinjari kipya kitaonekana chepesi kama unyoya kwa sababu hakina kitu: hakina viendelezi, hakina historia, hakina vichupo (tabs) 40 ulivyoviacha wazi tangu mwezi uliopita. Kulinganisha hivyo ni kushindanisha mbio mtu mwenye gunia mgongoni na mtu mikono mitupu. Fanya hivi badala yake: kwenye kivinjari cha zamani tengeneza wasifu (profile) mpya usio na kitu, fungua kurasa sita, subiri dakika tano, kisha angalia kumbukumbu inayotumika. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kwenye Mac fungua Activity Monitor. Funga kila kitu, rudia kwa kurasa zilezile sita kwenye kivinjari kipya.

Nimewahi kuona mtu akihama kivinjari kwa sababu ya uzito, kumbe mwizi wa kumbukumbu alikuwa kiendelezi kimoja cha kupunguza bei madukani alichokisakinisha akasahau. Alipohamia, akakisakinisha tena. Hadithi ikaanza upya.

Mafanikio yanaonekanaje: mwishoni mwa wiki karatasi yako ina alama ya vema kwa kila tovuti, au ina maelezo mafupi ya kilichogoma. Tovuti moja iliyogoma si sababu ya kukataa; unaweza kubakiza kivinjari cha zamani kwa ajili yake. Tatu au nne zikigoma, umeshapata jibu.

## Hatua ya 4: Amua, na uamuzi uwe mmoja

Hama kama kivinjari cha zamani hakipati tena masasisho, kama kipya kinakupa kitu unachokihitaji kweli, au kama vifaa vyako vingine tayari vinatumia hicho kipya na umechoka kuishi nyumba mbili.

Baki kama cha zamani kinasasishwa na kinafanya kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Upya peke yake si sifa, na kuja na kompyuta si ushahidi wa ubora; ni ushahidi kwamba mtengenezaji wa mfumo ana kivinjari chake, au amechagua kimoja kwa ajili yako.

Ukiamua kubaki, fanya mambo matatu kisha funga mwongozo huu. Rudisha kivinjari chako kuwa chaguomsingi (hatua ya 8). Ondoa alama ya kile kipya chini ya skrini. Ingia kwenye mipangilio yake uzime kujiwasha pamoja na kompyuta na kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya kufungwa. Usijisumbue kukisanidua kama ni cha mfumo. Mara nyingi hakitoki, na baadhi ya sehemu za mfumo hukitegemea. Kwenye Windows, matokeo ya wavuti unayobofya kutoka kwenye kisanduku cha utafutaji cha mfumo yanaweza kuendelea kufungukia Edge hata kama chaguomsingi ni kingine. Si wewe umekosea.

Kitu ninachokipinga ni nusu-nusu: barua pepe huku, benki kule, alamisho mpya popote zinapoangukia. Miezi sita baadaye hakuna kivinjari hata kimoja chenye kumbukumbu zako zote.

## Hatua ya 5: Weka nakala kabla ya kugusa chochote

Sasa uko kwenye kivinjari cha zamani, na umeamua kuhama.

Anza na vichupo vilivyo wazi. Bonyeza Ctrl+Shift+D kwenye Chrome, Edge au Firefox na vyote vitahifadhiwa kama alamisho ndani ya folda moja. Ipe folda jina lenye tarehe. Vichupo vilivyo kwenye dirisha fiche (incognito) havitafuata kivinjari kikifungwa, kwa hiyo angalia huko pia.

Kisha toa alamisho. Bonyeza Ctrl+Shift+O kufungua kidhibiti cha alamisho, tafuta menyu ya kutoa au kuhamisha, na uhifadhi faili la HTML. Ni faili la kawaida linalosomeka na kivinjari chochote. Nakili kwenye flashi.

Halafu swali ambalo karibu kila mtu husahau: una wasifu ngapi? Bofya picha ndogo ya duara karibu na upau wa anwani. Kama kuna wa kazi na wa nyumbani, kila mmoja ana alamisho zake, manenosiri yake na viendelezi vyake. Lazima urudie kazi kwa kila mmoja.

Mimi nilijifunza hili kwa machozi. Nilihamisha data, nikaona alamisho zimejaa upande wa pili, nikaridhika. Nikasanidua kivinjari cha zamani na kuweka alama kwenye kile kisanduku cha kufuta data zote pamoja nacho. Usiku wake nikatafuta folda ya mapishi na nyaraka za familia: haipo. Zilizohamia zilikuwa za wasifu wa kazi peke yake.

Mafanikio yanaonekanaje: buruta lile faili la HTML ulidondoshe kwenye dirisha la kivinjari. Ukurasa mrefu wa viungo utafunguka. Tafuta alamisho tatu unazozifahamu. Ukiziona, nakala ni nzima.

## Hatua ya 6: Hamisha manenosiri, taratibu

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Funga kivinjari cha zamani kabisa. Fungua kipya, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kuleta data kutoka kivinjari kingine, chagua cha zamani na wasifu sahihi. Sababu ya kufunga kwanza ni kwamba kivinjari kilicho wazi hushikilia faili zake, na uletaji unaweza kukataa au kuleta nusu. Alamisho kwa kawaida huvuka bila shida. Manenosiri wakati mwingine hubaki nyuma, kwa sababu yamefungwa kwa ufunguo ambao kivinjari kingine hakiruhusiwi kuugusa. Ukinzani huo ni mzuri, unakulinda dhidi ya programu za wizi, lakini leo unakukera.

Yakigoma, tumia faili la CSV. Kwenye kivinjari cha zamani ingia sehemu ya manenosiri, chagua kuyatoa, na utaulizwa utambulisho wa kompyuta. Faili litakalotoka, ukilitazama kwa programu ya maandishi matupu, lina mistari kama hii:

name,url,username,password,note
mfano,https://mfano.example/ingia,jina-langu,007431,

Tazama mstari wa pili. Hakuna kufuli. Nenosiri limekaa wazi kama namba ya nyumba mlangoni. Kila mwenye faili hili ana maisha yako yote ya mtandaoni, kwa hiyo lishughulikie hivi:

1. Lihifadhi kwenye folda isiyosawazishwa na hifadhi ya mtandaoni. Folda za Desktop na Documents kwenye kompyuta nyingi hupandishwa mtandaoni zenyewe, chagua nyingine. Usilitume kwa barua pepe, hata kwako mwenyewe.
2. Usilifungue kwa programu ya majedwali ukalihifadhi. Nenosiri 007431 litageuzwa kuwa 7431, kwa sababu programu inadhani ni hesabu, na linaloanza na alama ya = linaweza kuchukuliwa kama fomula. Utaleta manenosiri mabovu na hutajua kwa nini yanakataa.
3. Lilete kwenye kivinjari kipya kupitia sehemu yake ya manenosiri.
4. Linganisha idadi. Kama cha zamani kina manenosiri 143 na kipya kina 140, tafuta matatu yaliyopotea kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni yaliyojirudia au yasiyo na anwani ya tovuti.
5. Futa faili moja kwa moja. Kwenye Windows, Shift+Delete hulipita pipa la taka. Kwenye Mac, lifute kisha umwage pipa.

Fanya yote matano kwa mkao mmoja. Ukisema "nitalifuta kesho", mwaka ujao litakuwa bado lipo kwenye folda ya vipakuliwa.

Yasiyokuwemo kwenye CSV. Funguo za siri, zile unazotumia kuingia kwa alama ya kidole badala ya nenosiri, haziandikwi humo. Kama umezihifadhi kwenye akaunti ya kivinjari cha zamani, ingia kwenye kila tovuti husika na usajili ufunguo mpya kutoka kivinjari kipya. Vilevile, kama namba zako za uthibitisho hutengenezwa na kiendelezi ndani ya kivinjari, au una pochi ya sarafu za kidijitali iliyo kiendelezi, simama hapa. Data hizo zinaishi ndani ya kivinjari cha zamani. Kwa pochi, hakikisha una maneno ya kurejeshea na umeyajaribu upande wa pili. Kivinjari kikisaniduliwa kabla ya hapo, hakuna wa kumpigia simu.

Mafanikio yanaonekanaje: ingia kwenye tovuti zote kumi za karatasi yako kupitia kivinjari kipya. Utaulizwa nenosiri kila mahali, kwa sababu vidakuzi (cookies) vinavyokutambulisha kwa kawaida havihami. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni nenosiri kukataa.

## Hatua ya 7: Viendelezi na mipangilio

Usisakinishe viendelezi vyote. Andika ulivyonavyo, kisha rudisha vile tu ulivyotumia mwezi huu. Visakinishe kutoka duka rasmi la kivinjari na uangalie jina la mtengenezaji, kwa sababu vingine huiga majina.

Mipangilio michache ya kubadilisha mapema: injini ya utafutaji (Edge huja na Bing; Firefox na Safari kwa kawaida huja na Google), ukurasa wa mwanzo uliojaa habari usizoziomba, folda ya vipakuliwa, ruhusa za arifa, na zile swichi za kutuma taarifa za matumizi kwa mtengenezaji. Zime unazoona hazikusaidii.

Kuhusu usawazishaji: uwashe sasa tu, baada ya data kuingia na kuhakikiwa. Ukiuwasha mwanzoni na akaunti yako ilikuwa na alamisho za miaka iliyopita, zitachanganyika na zile ulizoleta, na utapata folda tatu zenye jina moja.

## Hatua ya 8: Sasa badilisha chaguomsingi

Windows 11: fungua Mipangilio, andika neno "default" kwenye utafutaji, ingia kwenye orodha ya programu chaguomsingi, bofya jina la kivinjari, kisha kitufe cha juu cha kukifanya chaguomsingi. Usiondoke hapo kabla ya kuangalia mstari wa .pdf. Huwa unajitegemea, na ndiyo sababu watu hubadilisha kivinjari lakini nyaraka zao zinaendelea kufungukia kile cha zamani.

Mac: kuanzia macOS Ventura, fungua System Settings, kisha Desktop & Dock, ushuke hadi mstari wa kivinjari chaguomsingi. Kwenye matoleo ya kabla ya hapo iko kwenye sehemu ya General.

Linux yenye GNOME: ingia Mipangilio, sehemu ya programu chaguomsingi, mstari wa Web. Kwa anayependa terminali, amri `xdg-settings get default-web-browser` itakuambia kilichopo.

Kisha pima kutoka nje. Kubofya kiungo ndani ya kivinjari hakupimi kitu. Bofya kimoja kutoka programu ya barua pepe, kingine kutoka waraka, kingine kutoka programu ya kuchati.

Mafanikio yanaonekanaje: viungo vyote vitatu vinafungukia kivinjari kipya, wasifu sahihi. Vikifungukia kivinjari sahihi lakini wasifu usio sahihi, jua mfumo kwa kawaida hutumia dirisha la mwisho ulilogusa. Funga madirisha ya wasifu mwingine ujaribu tena.

Tahadhari: baada ya sasisho kubwa la mfumo unaweza kuona ukurasa unaokualika kutumia "mipangilio inayopendekezwa" ya kivinjari. Soma kabla ya kubofya. Kitufe kikubwa chenye rangi kinaweza kurudisha chaguomsingi kwa kivinjari cha mfumo. Cha kubaki ulipo ni kile kidogo cha pembeni.

## Hatua ya 9: Cha zamani kipumzike mwezi mmoja

Usikisanidue leo. Kuna tovuti unayoitembelea mara moja kwa mwezi, kulipa ada au kujaza ripoti, na hukuikumbuka ulipoandika ile karatasi. Mwezi mmoja huleta nyingi ya hizo mlangoni.

Wakati huo kiache kikijisasisha, lakini ondoa alama yake kwenye skrini usije ukakirudia kwa mazoea ya vidole.

Mwezi ukiisha, fuata mpangilio huu: kwanza toka kwenye akaunti au zima usawazishaji, ndipo ufute data. Ukifuta alamisho au manenosiri usawazishaji ukiwa umewashwa, ufutaji nao utasawazishwa, na simu yako inayotumia akaunti ileile itabaki tupu. Dirisha la kufuta data hufunguka kwa Ctrl+Shift+Delete. Soma kila kisanduku kilichowekwa alama kabla ya kubonyeza.

Ndipo usanidue. Kama ni kivinjari cha mfumo kisichotoka, kufuta data zake kunatosha. Lile faili la HTML kwenye flashi liache lilipo; ni dogo, na kuna siku utaulizwa kiungo cha miaka mitatu iliyopita.